Asili ya bunduki kongwe: Mnunuzi hulipia chuma au ushahidi?

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni msemo unaopendwa na wafanyabiashara, na kwa nyanya, mchele na vitenge mara nyingi ni wa kweli, kwa sababu mnunuzi huona na kushika mwenyewe kabla hajatoa fedha mfukoni. Lakini yapo masoko ambamo msemo huo hugeuka juu chini: kibaya hujiuza haraka, na kizuri hubaki kimekaa bila mteja. Soko la bunduki kongwe za kijeshi nchini Marekani ni mojawapo.

Mkulima wa Mbozi au mchuuzi wa Kariakoo anaweza kujiuliza, bunduki za kuwekwa kabatini na Wamarekani zinamhusu nini? Zinamhusu kwa sababu soko hilo linaonyesha waziwazi jinsi ushahidi unavyogeuka kuwa fedha, na jinsi udanganyifu mdogo wa wachache unavyoshusha bei ya mali ya watu waaminifu. Anayeuza mbegu, trekta lililotumika, kinyago cha mpingo au kahawa ya daraja la juu yumo katika soko la aina hiyo hiyo, awe anajua au hajui.

Mfano mzuri ni bunduki iitwayo M1 Garand. Ilibuniwa na John Garand, mzaliwa wa Canada aliyekuwa mtumishi wa kiwanda cha silaha cha serikali cha Springfield, katika jimbo la Massachusetts. Jeshi la Marekani liliipitisha rasmi mwaka 1936. Hubeba risasi 8 katika klipu moja, na hujiandaa yenyewe kwa risasi inayofuata, wakati askari wa majeshi mengi ya siku zile walilazimika kuvuta komeo kwa mkono kila walipopiga. Katika Vita Kuu ya Pili, Springfield ilitengeneza zaidi ya milioni 3, na kampuni ya Winchester ikatengeneza zaidi ya 500,000.

Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950 serikali ilihitaji bunduki zaidi, na mikataba ikatolewa kwa kampuni mbili nyingine. Moja ni Harrington & Richardson. Ya pili itawashangaza wakulima: ni International Harvester, kampuni iliyojulikana duniani kwa matrekta yake ya Farmall. Kiwanda chake cha Evansville, jimbo la Indiana, kilitengeneza bunduki hizo katikati ya miaka ya 1950. Kwa ujumla Garand zilizotengenezwa Marekani ni zaidi ya milioni 5.

Sasa, kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni kinawezaje kuwa adimu? Hapo ndipo penye kiini cha biashara hii.

Garand ina namba moja tu ya utambulisho, nayo imegongwa kwenye mwili wa chuma unaobeba mtambo wote. Mtutu, komeo, triga na vipuri vingine havina namba hiyo. Jeshi halikuwa na haja ya kuviweka pamoja. Bunduki iliyochakaa ilipelekwa karakana, ikafunguliwa yote, vipuri vikatupwa katika masanduku pamoja na vya bunduki nyingine, vikaoshwa, vikakaguliwa, kisha bunduki ikaunganishwa upya kwa chochote kilichokuwa kizima. Baada ya mwaka 1945 nyingi zilipitia zoezi hilo. Vilengeo vya nyuma vya wakati wa vita viliondolewa na kuwekwa vya aina mpya. Fimbo ya kusukuma komeo, ambayo ya zamani ilikuwa na kona iliyoweza kupasuka, ilichongwa upya au kubadilishwa.

Matokeo yake ni kwamba Garand nyingi zilizopo leo ni mchanganyiko. Mwili unaweza kuwa wa Springfield wa mwaka 1942, mtutu wa miaka ya 1950, komeo la Winchester na kitako kilichochongwa baadaye. Kwa mwanajeshi hiyo ni bunduki nzuri tu. Kwa mkusanyaji, ile iliyokwepa karakana na kubaki kama ilivyotoka kiwandani ndiyo lulu, na bei yake huwa mara kadhaa ya ile ya mchanganyiko. Na panapokuwa na pengo la bei la namna hiyo, mwenye tamaa hachelewi kufika.

Sahihi si lazima iwe asili

Kosa kubwa la wanunuzi wapya ni kuchanganya maneno mawili. Kuna bunduki ya asili, ambayo vipuri vyake vilifungwa pamoja kiwandani na havijaachana tangu siku hiyo. Kuna bunduki sahihi, ambayo vipuri vyake vyote ni vya kiwanda kinachotakiwa na vya mwaka unaotakiwa, lakini vimekusanywa juzi kutoka bunduki kumi tofauti na mtu mwenye subira na vitabu. Ukizitazama mezani zinafanana kama mapacha. Historia zake hazifanani hata kidogo.

Ya tatu ni mchanganyiko wa jeshi, ambao ni mkweli kwa namna yake, maana vipuri vyake vinaeleza safari halisi ya bunduki. Ya nne ni ghushi, ambayo mihuri yake imegongwa na mtu asiye na mamlaka hayo ili ionekane kuwa kitu isichokuwa.

Ghushi ina historia ndefu. Katika mji wa Darra Adam Khel nchini Pakistan, karibu na mpaka wa Afghanistan, mafundi wameiga bunduki za Waingereza kwa zaidi ya miaka mia moja, wakinakili hata mihuri. Baadhi hawakuwa wakisoma Kiingereza, hivyo herufi N hutokea ikiwa imegeuzwa. Nyingine zina taji la Malkia Victoria na herufi zake VR, kisha chini yake mwaka wa baada ya 1901, wakati malkia huyo alifariki Januari 1901. Kosa kama hilo mtu yeyote anaweza kulikamata kwa kujua tarehe moja tu. Waghushi wa Marekani hawakosei kirahisi namna hiyo. Wanasoma vitabu vile vile wanavyosoma wanunuzi.

Mkaguzi anatazama nini?

Ukaguzi mzuri wa Garand hauhitaji uchawi. Unahitaji utaratibu na mwanga wa kutosha. Hatua ya kwanza ni kulinganisha namba ya mwili na tarehe ya mtutu. Mitutu ya Springfield iligongwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na maandishi hayo huonekana fimbo ya komeo inapovutwa nyuma. Namba ya mwili nayo hueleza takriban mwezi gani bunduki ilitengenezwa. Katika bunduki ya asili, mtutu huwa wa wakati ule ule au umetangulia kidogo, kwa sababu mitutu ilitengenezwa na kuwekwa stoo kabla ya kufungwa. Mtutu uliozaliwa miaka kumi baada ya mwili ni ushahidi wa karakana. Si aibu, ila neno asili halina nafasi tena hapo.

Hatua ya pili ni namba za michoro. Vipuri vikubwa vya wakati wa vita viligongwa namba ya mchoro wake, tarakimu za toleo la mchoro, na herufi za kiwanda. Komeo la Springfield, kwa mfano, huandikwa D28287, kisha namba ya toleo, kisha SA. La Winchester huishia na WRA. Vya International Harvester vina IHC, na vya Harrington & Richardson vina HRA. Namba ya toleo iliongezeka kadiri mchoro ulivyorekebishwa, kwa hiyo toleo la mwisho wa vita halina sababu ya kuwamo katika bunduki ya mwaka 1941. Anayejua orodha hii hugundua mengi ndani ya dakika chache. Lakini mwuzaji mjanja naye anaijua, na hapa ukaguzi wa namba peke yake hufikia kikomo. Namba huthibitisha kuwa kipuri ni sahihi. Haziwezi kuthibitisha kuwa kilikuwa hapo tangu mwanzo.

Hatua ya tatu ni mbao. Kitako cha mti wa jozi kilichopita ukaguzi wa kiwanda kiligongwa mhuri ubavuni. Springfield iliweka herufi SA pamoja na herufi za mwanzo za jina la ofisa aliyekuwa akisimamia kiwanda wakati huo, kama GHS kwa bunduki za mwanzo wa vita. Bunduki za miaka ya 1950 zilipata mhuri wa tai. Karakana nazo ziliweka mihuri yake, na mwuzaji asiye mwaminifu hupiga msasa mahali hapo ili mhuri wa karakana utoweke, kisha akagonga mhuri wa kiwanda uliochongwa juzi.

Mbao, hata hivyo, haina desturi ya kusema uongo. Mhuri wa zamani umejaa mafuta na uchafu wa miaka themanini, na kingo zake zimelainika. Mikwaruzo ya matumizi hupita juu yake, kwa sababu ilikuja baadaye. Mhuri wa juzi hukata juu ya mikwaruzo, jambo linaloonyesha kwamba mikwaruzo ilitangulia. Aidha, mbao iliyopigwa msasa huwa nyembamba kuliko chuma inachokutana nacho, na kona zilizotakiwa kuwa kali huwa zimeviringika. Ni swali dogo tu la nini kilitangulia nini, lakini linawaumbua wengi.

Hatua ya nne ni rangi ya chuma. Garand ilipakwa tabaka la fosfeti lenye rangi ya kijivu, ambalo kwa grisi na muda huweza kuelekea kwenye ukijani. Bunduki iliyopakwa upya ina rangi moja toka mwanzo hadi mwisho, kama ng'ombe aliyeogeshwa kwa ajili ya mnada. Ukitazama kwa lenzi utaona mashimo madogo ya kutu chini ya rangi mpya, na herufi zilizogongwa zimepoteza makali yake. Kutu hutangulia rangi pale tu rangi inapokuwa si ya kwanza.

Hatua ya tano ni kupatana kwa uchakavu, na wakaguzi wengi wazoefu huiamini kuliko zote. Vipuri vilivyoishi pamoja huzeeka pamoja. Komeo linalong'aa kama jipya ndani ya mwili uliokwaruzika limehamia. Mtutu ulioliwa na risasi nyingi, ukiwa kwenye kitako kisicho na hata alama ya kidole, una maswali ya kujibu.

Mfano wa mwisho unaonyesha kwa nini hatua hizi zote bado huenda zisitoshe. Garand za kwanza kabisa, takriban 50,000, zilikuwa na mfumo wa kukusanya gesi kwenye ncha ya mtutu. Mfumo huo haukufanya kazi vizuri, ukabadilishwa mwaka 1940, na jeshi likazirudisha zile za zamani karakana kuzigeuza. Zilizosalia bila kugeuzwa ni chache mno, na ni kati ya Garand za bei kubwa kuliko zote. Kwa bahati mbaya, vipuri vya mfumo huo vimeshatengenezwa upya kwa ajili ya wakusanyaji, na vingi vimefungwa kwenye miili ya kweli ya miaka ile. Kwa bunduki ya aina hii mwenye busara hanunui kwa macho. Anadai karatasi.

Karatasi zipo. Marekani ina shirika lililoundwa kwa sheria mwaka 1996, lijulikanalo kama CMP, kuendeleza mpango wa mafunzo ya shabaha ulioanza mwaka 1903. Shirika hilo huwauzia raia wa Marekani waliotimiza masharti bunduki zilizotoka jeshini, likizipanga kwa madaraja na kuambatanisha cheti chenye namba ya bunduki. Cheti hicho hueleza bunduki ilikuwa ya aina gani siku ilipotoka mikononi mwao. Hakiwezi kueleza ilifanywa nini miaka kumi baadaye, lakini humnyima mwuzaji nafasi ya kutunga hadithi ya yaliyotangulia.

Hesabu ya udanganyifu

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, bunduki mchanganyiko inauzwa dola 1,000 na ya asili dola 3,000. Kuibadilisha ya kwanza ifanane na ya pili kunagharimu dola 600 za vipuri na mihuri. Mdanganyifu ametumia 1,600 na anauza 3,000. Faida ni dola 1,400 kwa kazi ya wiki chache.

Habari zikienea kwamba nusu ya zinazoitwa za asili si za asili, mnunuzi mwenye akili hatatoa tena 3,000. Atapima bahati yake: nusu nafasi ya kupata ya dola 3,000, nusu nafasi ya kupata ambayo kwa thamani yake halisi ni dola 1,000. Wastani ni dola 2,000, na hiyo ndiyo bei atakayotaja. Kwa bei hiyo mdanganyifu bado anapata faida ya dola 400. Mzee mwenye bunduki ya asili aliyoirithi kwa baba yake anaona anaibiwa, anairudisha kabatini. Kwa kuwa wa kweli wameondoka, sehemu ya ghushi sokoni inapanda kupita nusu, na bei inashuka tena.

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof wa Marekani alieleza jambo hili kwa kutumia soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo. Hoja yake ni rahisi: mwuzaji anapojua kuhusu bidhaa kuliko mnunuzi, na hakuna njia ya kuthibitisha, bidhaa mbaya huifukuza nzuri sokoni. Kizuri hakijiuzi tena. Kibaya ndicho kinachojiuza, tena kwa sura ya kizuri.

Kwa mantiki hiyo, anayeghushi mhuri mmoja hamwibii mnunuzi mmoja. Anakata senti kidogo kutoka kwa kila mwenye mali ya kweli ambaye hajawahi hata kukutana naye.

Wapo wanaotetea urejeshaji. Wanasema bunduki ni mali ya mtu, na mwenye mali ana haki ya kufunga kipuri apendacho. Wanasema pia kwamba bunduki iliyorejeshwa katika sura ya mwaka 1943 humwonyesha kijana wa leo kile babu yake alichobeba. Hoja ya kwanza ni ya haki na ya pili ina uzuri wake. Lakini zote mbili hazigusi tatizo. Kurejesha si dhambi. Dhambi ni kunyamaza. Anayerejesha bunduki akaandika karatasi ya nini kilibadilishwa na lini, kisha akaiuza kwa jina la bunduki iliyorejeshwa, hajamdhulumu mtu.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye bei. Garand nyingi zilikwenda nchi za nje kama msaada wa kijeshi. Denmark ilizitumia na kuzifungia mitutu iliyotengenezwa huko huko. Ethiopia nayo ilizipata, na askari wake wa kikosi cha Kagnew walipigana Korea bega kwa bega na Wamarekani kuanzia mwaka 1951. Mkusanyaji anapong'oa mtutu wa Denmark ili afunge wa Springfield, bunduki inakuwa sahihi zaidi na mkweli pungufu. Safari yake imefutwa. Mchanganyiko ulioachwa kama ulivyo ni kumbukumbu. Ukishasafishwa sana unabaki kuwa nakala tu.

Rangi mpya Afrika Mashariki

Msomaji ambaye hajawahi kuona Garand anaifahamu hadithi hii kwa sura nyingine. Trekta kuukuu linapakwa rangi nyekundu inayong'aa, viti vinashonwa upya, matairi yanapakwa dawa nyeusi, na mkulima wa pamba aliyeuza mavuno ya misimu mitatu analipeleka shambani likakata gia wiki ya pili. Hakutazama boliti kama zina alama za spana. Hakuangalia kama namba ya injini na ya chasisi zinalingana na za kwenye kadi. Rangi mpya ilimtosha. Mkaguzi wa Garand angeanza kwa kuishuku rangi hiyo.

Vivyo hivyo kwa vinyago. Mpingo ni mti mzito, mweusi katika kiini, na unakua polepole mno. Wapo wanaochonga mti mwepesi wakaupaka rangi ya viatu na kumwuzia mgeni kwa bei ya mpingo. Mgeni akifika kwake, akakuta rangi imeachia kwenye kitambaa, hamlaumu aliyemwuzia peke yake. Anawasimulia wenzake kuwa vinyago vya Afrika Mashariki ni vya uongo, na mchongaji hodari wa Mtwara au wa Mwenge analipa deni asilokopa.

Mbegu ndiyo inayouma zaidi. Punje za mahindi ya kula zikipakwa rangi na kufungwa kwenye mfuko wenye nembo ya kampuni hufanana na mbegu bora mpaka siku zinapoota, na siku hiyo mvua imeshapita. Mkulima aliyeumwa mara moja anarudi kwenye mbegu yake ya nyumbani, na anakataa hata ile bora ambayo ingemwongezea gunia. Hivyo ndivyo Akerlof alivyosema. Lebo ya TOSCI nchini Tanzania, au ya KEPHIS nchini Kenya, inafanya kazi ile ile inayofanywa na cheti cha bunduki, yaani kumpa mnunuzi ushahidi unaotoka kwa mtu asiye na faida katika mauzo. Mkulima asiyeikagua, na asiyehifadhi risiti na mfuko hadi mavuno, amejinyima silaha yake pekee.

Kuna onyo moja linalohusu bunduki zenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa kwenye ardhi hii, kuanzia mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 hadi majeshi ya Wajerumani yaliposalimu amri Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, Novemba 1918. Mwaka 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens iliingia Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa imebeba silaha, na mwaka uliofuata nyingine iitwayo Marie ikafika Ghuba ya Sudi, Lindi. Si ajabu jembe la mkulima kugonga chuma cha wakati ule. Wala si ajabu matapeli kuzunguka vijijini na hadithi za mali za Mjerumani na zebaki nyekundu, wakidai mtu alipe gharama za awali kabla ya mnunuzi wa Ulaya kufika.

Mkulima wa namna hiyo aelewe mambo mawili. Kwanza, soko la wakusanyaji halipo kijijini kwake. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kumiliki au kuuza silaha bila kibali ni kosa linaloweza kumpeleka gerezani, hata kama silaha ina umri wa miaka mia. Pili, risasi na mabomu ya zamani hayazoeleki. Huweza kulipuka. Jambo la busara ni kuacha kitu kilipo bila kukisugua wala kukifungua, kuweka alama, na kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji na polisi. Kikiwa na thamani ya kihistoria, thamani hiyo iko katika kujua kilipatikana wapi na namna gani. Aliyekichimba na kukisafisha kwa msasa ameshafuta nusu ya habari zake.

Somo kwa mwuzaji

Ni rahisi kumaliza mjadala huu kwa kumwambia mnunuzi awe makini. Ushauri huo hautoshi. Mzigo mkubwa uko kwa mwuzaji mkweli, maana yeye ndiye anayepoteza zaidi soko linapochafuka. Akikaa kimya akingoja kizuri kijiuze, atangoja sana.

Anachoweza kufanya ni kutengeneza ushahidi kabla hajaulizwa. Mwenye trekta aandike kwenye daftari kila matengenezo, tarehe na kipuri kilichobadilishwa, kisha amwonyeshe mnunuzi daftari hilo kabla ya rangi. Kikundi cha wakulima wa kahawa kitenganishe mavuno ya kila shamba na kila wiki, kiyape alama, wala kisichanganye ya juu na ya chini kwa tamaa ya kilo chache. Mchongaji aache sehemu ndogo ya chini ya kinyago bila kung'arishwa, ili mnunuzi aone mti wenyewe. Muuza mitumba aseme shati lina tundu kabla mteja hajalifungua. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mficha kasoro, mteja humkimbia.

Vyama vya ushirika na vikundi vya wafanyabiashara navyo vina wajibu. Mtu mmoja mwenye daftari ni mwaminifu, lakini wanachama mia wenye utaratibu mmoja wa kumbukumbu, na mkaguzi ambaye hapati kamisheni ya mauzo, wanajenga jina ambalo mnunuzi wa mbali anaweza kulilipia. CMP inauza bunduki zile zile ambazo mtu angeweza kuzikuta kwenye meza ya mnada wa barabarani. Wanunuzi huiamini kwa sababu inasema wazi ni daraja gani, na ikiwa bunduki ni mchanganyiko inasema ni mchanganyiko.

Bunduki mchanganyiko inayojulikana kuwa mchanganyiko ina bei yake, na bei hiyo haiyumbi. Bunduki inayodaiwa kuwa ya asili bila ushahidi ina bei mbili: ile anayotaja mwuzaji leo, na ile atakayoambiwa mnunuzi siku atakapotaka kuiuza. Tofauti kati ya bei hizo hulipwa na yule aliyeamini maneno bila kuuliza karatasi.